Miaka Mitatu Isiyokuwa Yangu

Nilifanya kazi ya maabara katika hospitali ya misheni karibu na Homa Bay kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipima damu, choo na makohozi, na wagonjwa waliniita daktari ingawa sikuwahi kuwa daktari. Kazi ile ilinizoesha kutoamini jibu la kwanza mpaka nimelirudia. Kwa hiyo barua iliponifikia ikisema nimebakiza miezi minne nitimize miaka sitini, niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka kando ya darubini na kuendelea kuhesabu vijidudu vya malaria.

Barua ya pili ilitoka kwa wadhamini wa mfuko wetu wa pensheni. Ilisema theluthi moja ya akiba yangu ningepewa mkononi, na theluthi mbili zilizobaki ningenunulia anuiti. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwenye mikutano ya wafanyakazi bila kulitilia maanani. Maana yake ni kwamba unaikabidhi kampuni ya bima akiba hiyo yote kwa mara moja, nayo inakulipa kila mwezi mpaka siku utakapokufa. Ukifa mapema, kampuni imefaidi. Ukikawia, umefaidi wewe. Na ukishatia sahihi huwezi kubadili mawazo.

Mume wangu alikuwa amefariki zamani. Nilikuwa na binti mmoja, mwalimu wa chekechea huko Rongo, na sikutaka kuja kuwa mzigo kwake.

Mtu mmoja hospitalini alinielekeza kwa wakala wa bima mjini Migori. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, mwenye tai fupi. Alinikaribisha kiti, akachukua kitambulisho changu, akaandika kwa kompyuta.

"Mama, kampuni ni hii moja tu," alisema. "Zingine zitakusumbua. Weka sahihi hapa, mambo imeisha."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Juu kabisa palikuwa na jina langu. Chini yake umri ulishuka mstari kwa mstari: sitini, sitini na moja, sitini na mbili, mpaka mia moja. Mbele ya kila umri palikuwa na tarakimu ndogo, na kadiri nilivyoshuka ndivyo tarakimu zilivyopungua. Kwenye themanini zilikuwa zimebaki nusu. Karibu na mia moja zilikuwa sufuri zilizofuatana.

"Hizi ni nini?"

"Ah, hiyo usiangalie. Ni hesabu ya kompyuta. Inaangalia mtu wa umri wako atafika wapi."

Nimewasomea watu wengi majibu yao. Nimewaona wakitazama karatasi mkononi mwangu na kuacha kupumua kidogo. Siku ile nilijua wanavyohisi. Nilikuwa nimekaa pale, nina afya, nimekunywa chai asubuhi, na mashine ilikuwa imeshanipunguza mpaka sufuri.

Nikamwuliza kamisheni yake ni kiasi gani. Akacheka.

"Hiyo si wewe unalipa, mama. Inalipa kampuni."

"Na kampuni inaitoa wapi?"

Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Niliomba nakala ya makadirio, nikaaga.

Nilirudi Homa Bay nikaenda kumwona mama mmoja aliyekuwa mhasibu wetu hospitalini. Alistaafu miaka minane kabla yangu na sasa alifuga kuku wa mayai kando ya barabara ya kwenda Mbita. Nilimkuta akiwatilia maji. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, kisha akanirudishia.

"Mimi nilitia sahihi siku ya kwanza, kwa wakala wa kwanza," alisema. "Ninacholipwa leo ndicho nilicholipwa mwezi ule. Hakijaongezeka hata shilingi. Wakati ule kilitosha sukari, unga na nauli. Sasa kinaisha kwenye chakula cha hawa kuku."

Akanieleza la kufanya. Nichague kampuni nne, niziulize swali lile lile, kwa kiasi kile kile cha akiba na masharti yale yale. Nitake malipo yanayopanda kila mwaka, hata kama yanaanza chini. Nitake na dhamana ya miaka kumi, ili nikifa mwaka wa pili, binti yangu aendelee kulipwa mpaka hiyo kumi iishe.

"Na usiulize nani analipa zaidi mwezi wa kwanza," alisema. "Uliza atakuwa anakulipa nini mwaka wa kumi."

Nikafanya hivyo. Majibu yalipokuja niliyapanga mezani kama slaidi za darubini. Kwa akiba ile ile, kampuni ya wakala wangu ndiyo iliyolipa kidogo kuliko zote. Kati yake na iliyolipa vizuri palikuwa na tofauti ya shilingi elfu mbili na mia tatu kila mwezi, na tofauti hiyo ingenifuata maisha yangu yote.

Lakini kampuni ile nzuri ilirudisha ombi langu. Kitambulisho changu kilionyesha nimezaliwa tarehe mosi Januari, kama cha watu wengi wa rika langu ambao makarani waliwakisia tu. Walitaka hati nyingine, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo. Cha kuzaliwa sikuwa nacho. Kadi ya ubatizo niliyoandikishiwa shule ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Basi nikaenda katika parokia niliyobatiziwa, upande wa Migori, nikaombe dondoo kutoka kwenye daftari.

Nilifika saa sita mchana. Jua lilikuwa limefunikwa na wingu lisilo na mvua, na uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu isipokuwa mtu mmoja aliyefagia majani upande wa pili. Ofisini nilimkuta karani, mama wa makamo mwenye miwani. Chumba kilinuka mishumaa na kinyesi cha popo. Nilimtajia jina langu, la baba na la mama, na mwaka. Akashusha daftari kubwa lenye jalada jeusi, akawa anafuata mistari kwa rula.

Rula ikasimama. Hakusoma kwa sauti. Alinitazama, akalitazama daftari, halafu akainama kidogo na kuangalia miguu yangu chini ya meza.

"Nipe kitambulisho chako, mama."

Nikampa. Alikilinganisha na mstari ule kwa muda mrefu.

"Majina ni yako," alisema. "Wazazi ni wako. Lakini huyu alifariki."

Nikazunguka meza nikaone mwenyewe. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri wa padre fulani wa zamani. Pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu, na chini yake mwezi na mwaka. Nikapiga hesabu. Nilikuwa nimekufa nikiwa na miaka miwili na miezi michache.

Nje, ufagio ulikuwa umenyamaza. Nilishika kifundo cha mkono wangu, pale ninapowashika wagonjwa, nikatafuta mshipa. Haukupatikana mara moja.

"Labda walikosea mstari," nilisema.

"Labda," alijibu karani. Kitambulisho hakunipa mkononi. Alikiweka mezani, akakisukuma kwa ncha ya rula mpaka kikanifikia.

Sikurudi Homa Bay. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, kijijini Uriri, upande wa kwenda Ogwedhi. Siku hiyo ilikuwa ya soko la mifugo, na njia nzima nilipishana na watu wakiswaga ng'ombe, vumbi likining'inia bila upepo wa kuliondoa. Mama alikuwa ameketi barazani akibambua karanga. Masikio yake ni mazuri kuliko macho. Alinijua kwa hatua.

Nilikaa chini mkekani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yaliyotoka hayakuwa yale.

"Mama, mimi nilikufa lini?"

Vidole vyake vikaacha kubambua.

"Nani amekuambia?"

"Daftari la kanisa."

Alizungumza kwa Kijaluo, polepole, uso wake ukielekea nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kati ya migomba na uzio. Tangu utotoni tulikatazwa kulima pale. Tuliambiwa pana mawe.

"Alikuwa wa kwanza wangu," mama alisema. "Surua ilimchukua kwa siku tatu. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Ulilia siku nne, nyathina, mtoto wangu, hukunyonya. Nyanya yako akakaa mlangoni akawa anakutajia majina ya watu wetu waliokufa, moja moja, aone utanyamaza kwa lipi. Akataja la babu. Ukalia. Akataja la shangazi, ukalia. Mimi nilimwomba asilitaje lile. Akalitaja."

"Nikanyamaza?"

"Uligeuza kichwa. Mtoto wa siku nne, ukageuza kichwa kama aliyeitwa."

Ndivyo nilivyopewa jina lake. Nilipofika miaka minne, baba alitaka niingie shule mapema. Nilikuwa mrefu, na kadi ya ubatizo ya marehemu ilikuwa ndani ya sanduku. Jina lilikuwa lile lile na wazazi wale wale. Mwalimu aliipokea, na tangu siku hiyo kila karatasi ikazaa nyingine: cheti cha shule, kitambulisho, barua ya kazi, pensheni.

"Sasa mimi nina miaka mingapi?"

"Hamsini na saba."

Nilicheka, nadhani kwa kukosa la kufanya. Mama hakucheka.

"Ulipokuwa mdogo nikikuita uliitika mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ukiwa jikoni pamoja nami. Mara ya pili kutoka kule nyuma."

"Ni mwangwi, mama."

"Nyumba ilikuwa ya nyasi. Nyasi haina mwangwi."

Alirudi kwenye karanga zake. Nilitaka kwenda nyuma ya nyumba nipaangalie mahali pale kwa macho mapya, lakini siku hiyo sikuinuka. Nilimsaidia kubambua mpaka beseni likajaa.

Kesho yake wakala wa Migori alinipigia kujua nimeamua nini. Kwa kuwa nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu, nikamwambia.

"Mama, wachana na hiyo stori," alisema. "Kitambulisho ndio serikali. Na mtu akiwa mzee zaidi, kampuni inamlipa zaidi, kwa sababu wanajua hatakaa sana. Hiyo miaka tatu ni pesa yako."

Alikuwa na ukweli. Nilipiga hesabu, ikawa kama shilingi mia tisa zaidi kila mwezi kwa umri wa kitambulisho kuliko umri wangu. Sikuwa tajiri. Na hakuna ambaye angeniita mwizi, kwa kuwa karatasi hazikuandikwa na mimi. Kwa wiki mbili nilikuwa karibu kukubali.

Nilikwenda tena kwa yule mhasibu. Yeye hakuzungumzia dhambi wala mizimu.

"Siku ukifa," alisema, "binti yako ataomba malipo yaliyobaki kwenye dhamana. Kampuni itataka karatasi zote. Kama daftari la kanisa linasema mwenye jina hilo alizikwa akiwa na miaka miwili, unadhani watamlipa haraka?"

Nilikataa, na hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ya kwangu ilikuwa nyingine. Kila nilipoitazama ile karatasi ya miaka inayoshuka mpaka mia moja, nilijua sasa kwamba haikuwa yangu. Kompyuta ilikuwa imekaa ikakadiria mtoto aliyekufa kwa surua ataishi mpaka lini, ikampa miaka ya uzee, mmoja mmoja, na mshahara wa kila mwezi. Sikuweza kuula mshahara huo.

Nilirudi parokiani nikamwomba karani atafute tena, miaka mitatu mbele. Alisita, lakini akashusha daftari. Alipekua kurasa nyingi. Rula ikasimama tena.

"Uko hapa," alisema. Jina lile, wazazi wale, mwandiko wa padre mwingine. Pembeni palikuwa peupe. "Kumbe mko wawili." Akaushika mkono wangu, akaubana kwa nguvu, kama anayehakikisha. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Kurekebisha karatasi kulichukua miezi saba. Nilikula kiapo mbele ya wakili mjini Migori. Chifu aliandika barua. Mama aliletwa kwa pikipiki, akaweka kidole gumba kwenye wino mbele ya afisa wa usajili na kusema nimezaliwa lini, na nani alizaliwa kabla yangu, na alikufa lini. Afisa alimwuliza kama ana kumbukumbu yoyote iliyoandikwa. Mama akamwambia, "Mimi ndiye niliyezaa." Afisa akaandika.

Hospitali ilikuwa imeshaajiri mwingine. Msimamizi alinipa pole, akasema wangejua mapema ningeendelea na kazi, lakini nafasi haipo. Kwa hiyo nikawa nimestaafu miaka mitatu kabla ya wakati wangu, kwa umri wa mtu mwingine. Hilo liliniuma kuliko zile mia tisa. Wadhamini walikubali akiba yangu ibaki kwenye mfuko mpaka karatasi zikamilike, na ikaendelea kupata riba. Binti yangu alinitumia unga na mafuta. Nilipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba niliyopanga.

Karatasi zilipokuwa tayari nilikwenda mwenyewe kwa ile kampuni nzuri, bila wakala. Nilimwuliza afisa wao, msichana mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini, kama kamisheni ambayo wakala angepata inaweza kuongezwa kwenye malipo yangu. Alisema hajawahi kuulizwa. Akaenda kupiga simu, akakawia, akarudi akasema wataongeza kidogo. Nikasoma mkataba wote pale pale, nikaurudia. Malipo yalianza chini, yakipanda kila mwaka, na binti yangu alikuwa na dhamana yake ya miaka kumi. Nikatia sahihi.

Mwaka wa kwanza pesa ziliingia kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Mwaka ulipoisha kampuni ilituma fomu ya kuthibitisha kwamba bado niko hai. Ni kawaida yao. Unaijaza, chifu anapiga muhuri, unairudisha, wanaendelea kukulipa.

Kwenye bahasha yangu palikuwa na fomu mbili.

Zote zilikuwa na jina langu. Moja ilikuwa na tarehe yangu mpya ya kuzaliwa. Ya pili ilikuwa na tarehe mosi Januari, miaka mitatu kabla ya hiyo. Ombi langu la kwanza halikuwa limefutwa mahali fulani kwenye mitambo yao. Kwenye fomu zote mbili palikuwa na swali moja: Je, mtu aliyetajwa hapo juu yuko hai?

Chifu aliigonga muhuri fomu ya kwanza bila kuuliza. Ya pili aliishika mkononi akanitazama.

"Na huyu?"

"Huyo ni dada yangu."

"Andika ukweli basi," alisema, akalifunga sanduku lake la mihuri.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Palikuwa na nafasi ya jibu, na chini yake nafasi ya uhusiano wa anayejaza na anayetajwa. Niliandika: amefariki. Kisha: mdogo wake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuandika neno hilo. Nilikuwa nimekulia nyumbani nikiitwa kifungua mimba.

Mwezi uliofuata pesa hazikuingia. Nilipiga simu. Yule msichana mpole aliandika jina langu, nikasikia vidole vyake vikibonyeza.

"Mama," alisema hatimaye, "hapa kwetu umefariki."

"Nani ameripoti?"

Akasoma. Sauti yake ikashuka zaidi. "Mdogo wako."

Nilisafiri siku hiyo hiyo. Nilipoingia ofisini alisimama kabla sijasema neno. Nilimwekea mezani kitambulisho kipya, hati ya kiapo na dondoo mbili za ubatizo, moja yenye msalaba na moja isiyo nao. Alizipanga sambamba akazitazama kwa muda. Halafu akamwita mkubwa wake, wakakaa na mashine yao zaidi ya saa moja, wakatenganisha faili mbili zilizokuwa zimeungana. Moja wakaifunga. Aliniuliza kama nataka barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa. Nikasema ndiyo, naitaka.

Malipo ya miezi miwili yaliingia pamoja. Barua nilimpelekea mama. Hawezi kuisoma, lakini aliomba nimsomee, na nilipofika kwenye jina alinisimamisha, akataka nirudie. Kisha akaniambia nimshike mkono, twende nyuma ya nyumba. Tuling'oa magugu mimi na yeye, tangu saa nne mpaka jua lilipokuwa juu ya vichwa vyetu. Hapakuwa na mawe hata moja.

Mwaka ujao nitatimiza miaka sitini, kwa mara ya pili. Binti yangu anataka kunifanyia sherehe, na ameshaniuliza keki iandikwe nini. Nimemwambia asiandike umri. Jina tu linatosha.